Nyama za Kahuzi katika Makabati ya Lwiro

Mtu akitoka Bukavu na kufuata njia ya kaskazini, akapita Kavumu, atafika Lwiro, katika Kabare, chini ya mlima Kahuzi. Siku hizi wengi wanajua jina hilo kwa sababu ya sokwe yatima wanaotunzwa huko tangu 2002. Lakini sisi twataka kusimulia habari za nyama waliokufa zamani: ngozi, mifupa, samaki katika chupa, wadudu waliochomwa sindano.

Mwaka wa 1947 Leta ya Ubelgiji iliunda IRSAC, ndiyo kusema Shirika la Uchunguzi wa Elimu katika Afrika ya Kati. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa mganga Louis van den Berghe. Makao yaliwekwa Lwiro, na matawi Uvira, Astrida, Elisabethville na Mabali. Leo nyumba hiyo yaitwa CRSN, nayo ni mali ya Kongo.

Huko walifanya kazi Mswisi Urs Rahm na Mdachi Fritz Dieterlen. Walichunguza hasa panya. Tusicheke! Mwaka wa 1969 Dieterlen alitangaza panya mpya, Dendromus kahuziensis, aliyepatikana katika mlima wetu huu. Nani kati yetu angalimtazama mara mbili?

Ngozi peke yake haifai kitu. Kinachoipa bei ni kikaratasi kilichofungwa mguuni: mahali, urefu wa mlima, siku, jina la aliyeikamata. Kikaratasi kikiliwa na mchwa, imebaki ngozi ya kushonea kofia tu. Lakini kikidumu, chaweza kushuhudia. Tembo wa upande wa juu wa Kahuzi waliuawa karibu wote katika miaka ya vita iliyoanza 1996. Mjukuu atakayekataa kwamba waliishi pale ataonyeshwa nini, kama si mfupa wenye kikaratasi chake?

Tusikilize tena habari ya bundi mmoja. Mwaka wa 1951 ndege huyo aliuawa Itombwe, akafika mikononi mwa Alexandre Prigogine, ndugu wa Ilya aliyepata zawadi ya Nobel mwaka wa 1977. Mwaka wa 1952 Schouteden alimwita Phodilus prigoginei. Kisha kimya. Kwa miaka 45 wataalamu hawakuwa na mwingine, hata 1996 walipomnasa mmoja kwa wavu, huko huko Itombwe. (Watu wetu wanamwogopa bundi, labda woga huo ulimkinga.)

Jambo moja latuuma. Katika vikaratasi vya zamani jina la Mzungu limo. La Mkongomani aliyejua njia za nyama usiku, mara nyingi halimo. Na yule bundi wa 1951 yuko Tervuren, katika Ubelgiji. Mwanafunzi wa Bukavu anayetaka kumshika mkononi hana budi kuomba visa kwanza.