Baridi yabisi ilivyofika moyoni

Kiswahili kiliyaita maumivu ya viungo baridi yabisi, yaani baridi kavu. Jina hilo limetoka katika tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, waliopima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Lakini Kamanyola, chini ya milima ya Ngomo katika uwanda wa Ruzizi, ni mahali pa joto, na huko nako mtoto anaweza kuamka magoti yamevimba.

Maumivu ya mzee mara nyingi ni ya gegedu lililolika. Maumivu ya mtoto huenda yameanzia kooni. Bakteria aitwaye streptokoka humpa maumivu ya koo. Wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wake inamgeukia mwenyewe. Goti linavimba, likipoa uvimbe unahamia kiwikoni, kisha yote yanapona na mzazi anamshukuru Mungu. Kumbe kovu limebaki kwenye vali za moyo. Wengine hugundua wakiwa watu wazima, pengine mama mjamzito anapoishiwa pumzi.

Mwaka 1944 daktari Mmarekani T. Duckett Jones aliandika vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, homa ya baridi yabisi. Kwetu Kongo, Longo-Mbenza na wenzake walichapisha mwaka 1998 uchunguzi wa wanafunzi 4,848 wa Kinshasa: takriban 14 katika kila 1,000 walikuwa na moyo ulioharibika hivyo. Katika mitaa ya mabanda walikuwa 22, mjini 4. Mimi naisoma tofauti hiyo kuwa ni hesabu ya watu wanaolala chumba kimoja. Februari 2025 vita vilipofika Kamanyola, familia zilikimbia, na mkimbizi hachagui chumba.

Habari njema ilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika utafiti uliopewa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino: linda moyo wa mtoto. Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000, wakawafuatilia 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha. Nusu walidungwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalitoka Novemba 2021: ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 waliodungwa, na kwa 33 wasiodungwa.

Penisilini hiyo ni dawa ya zamani, lakini inamsaidia mtoto aliyetambuliwa mapema. Mzazi wa Kamanyola, mwanao akiumwa koo, kisha viungo vikavimba kwa kuhamahama, usiishie kumkanda. Mpeleke kituo cha afya, uombe wamsikilize na moyo.