Nani Aliwasha Tanuri la Malkia?

Hadithi ya piza unaijua hata kama hujawahi kuisoma. Mwaka wa 1889 Malkia Margherita wa Italia yuko Napoli, anapikiwa piza na Raffaele Esposito, anaipenda ile yenye nyanya, jibini na majani ya rehani, na piza inapewa jina lake. Siku hizi wako wanahistoria wanaoitilia shaka, pamoja na barua ya ikulu inayotolewa kama ushahidi. Mimi shida yangu ni nyingine. Hata kama kila neno ni kweli, kuna mtu mmoja hayumo: aliyekoka moto siku hiyo.

Nauliza kwa sababu hiyo kazi nimeifanya. Nilipoacha chuo nilipata kibarua kwa hoteli fulani hapa Nairobi yenye tanuri la kuni, na kazi yangu ilikuwa moto, basi. Saa mbili za kwanza hakuna kinachopikwa. Unapanga vijiti vikavu karibu na mdomo wa tanuri, si ndani kabisa, kwa sababu mdomo ni mmoja na unafanya kazi zote. Hewa baridi inaingia kwa chini, moshi unatoka kwa juu. Ukishindilia kuni mapema unauziba moto pumzi, na hoteli nzima inakohoa. Kwa hivyo unaanza na kidogo, unangoja, unaongeza, unausukuma moto ndani polepole. Sisi tulichoma mkalitusi na, siku nzuri, mibuni iliyong'olewa huko Kiambu.

Kwanza kuba la ndani linakuwa jeusi tititi kwa masizi. Halafu moto ukikolea, masizi yenyewe yanaungua na matofali yanarudi kuwa meupe. Hapo huhitaji kipimajoto bana, tanuri limeshakuambia. Unasogeza makaa upande mmoja, unafagia sakafu, unamwita mpishi. Piza ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, kwa joto la zaidi ya nyuzi 400. Sakafu inaichoma chini, kuba linaichoma juu, na mwali wa pembeni unamalizia kingo. Mgeni anaona hizo sekunde 90. Zile saa mbili hazioni.

Tanuri lenyewe ni la kale kuliko piza tunayoijua. Nje kidogo ya Napoli kuna Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka wa 79 baada ya Kristo. Humo yamefukuliwa magofu ya viwanda vya mikate zaidi ya 30, na matanuri yake ya kuba ukiyaona leo utadhani ni ya hoteli. Mwaka wa 1862 wachimbaji walikuta tanuri moja bado lina mikate 81 ndani, yote imekuwa mkaa. Tofauti yao na Napoli ya leo ni hii: Mrumi alipasha matofali, akaondoa makaa, akaoka kwa joto lililobaki. Mpika piza anauacha moto ukiwaka kando, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kuulisha mchana kutwa.

Na kule Pompeii nani aliulisha? Mwishoni mwa 2023 walitangaza kupatikana kwa kiwanda kingine cha mikate, chumba kisichokuwa na dirisha la kutazama nje, vijidirisha vyake vimefungwa nondo. Watumwa na punda walifungiwa humo kusaga nafaka. Apuleius, mwandishi aliyezaliwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliwaeleza watu kama hao katika riwaya yake ya mtu aliyegeuzwa punda: wana alama kwenye paji la uso, pingu miguuni, na macho yaliyoharibiwa na moshi. Riwaya ni ya kubuni. Hayo macho sidhani aliyabuni.

Karne ya 19 piza ilikuwa chakula cha maskini wa Napoli, walioishi wamebanana kwenye vyumba vidogo. Alexandre Dumas aliwaandika mwaka wa 1843: piza wakati wa baridi, tikiti maji wakati wa joto. Watu husema ilipendwa kwa sababu ni rahisi. Mimi naona urahisi wenyewe ulitoka kwenye moto. Kuni za tanuri moja zililisha mtaa mzima. Si ndivyo tunavyoishi hapa? Mtu wa Mathare hachemshi maharagwe kwa saa tatu akamalize makaa yake. Anayanunua yameiva kwa mama wa pale kona, maana sufuria moja kubwa na jiko moja vinatosha ploti nzima. Jifya moja haliinjiki chungu, lakini chungu kimoja kinaweza kulisha majirani.

Mwaka wa 2017 UNESCO iliiweka sanaa ya wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wengi walisherehekea wale wanaorusha unga hewani. Lakini soma maelezo yenyewe: wanatajwa wenye sanaa wa aina tatu, yaani fundi mkuu, mpika piza, na mwokaji, yule anayekaa mbele ya tanuri. Imechukua karne nyingi sana kuandika hilo neno moja.

Mimi silidharau. Sitaki malkia afutwe, wala Esposito. Nataka tu tukisimulia chakula, kiwe piza au chapati, tuanze pale kinapoanzia kweli, kabla wageni hawajafika, na mtu aliyeinama akipuliza vijiti.