Vihami Joto na Panya katika Nyumba za Mbao za Amerika Kaskazini

Ukuta wa nyumba ya mbao ya Amerika Kaskazini ni mtupu ndani. Kati ya mbao za nje na plasta ya ndani kuna nafasi ya sentimeta kumi hivi. Ujenzi huu ulienea kuanzia Chicago katika miaka ya 1830, mbao zilizopasuliwa kiwandani na misumari ya mashine ziliposhuka bei na kuyaondoa magogo mazito ya zamani. Mbao nyembamba zilisimamishwa kutoka msingini hadi chini ya paa bila kukatizwa, na kati ya ubao na ubao pakabaki mfereji mrefu. Humo baridi ilipita, moto ukapanda, na panya wakapata njia ya kutoka chini ya sakafu hadi darini bila kuonekana na paka wala mtu.

Walioanza kuujaza mfereji huo walitumia kilichokuwa karibu: maranda, vumbi la mbao, magazeti, hata magunzi ya mahindi. Vitu hivyo vilipunguza baridi, lakini kwa panya vilikuwa matandiko, na magunzi yaliyobakiwa na punje yalikuwa chakula pia. Mafundi wengine walipanga matofali kati ya mbao za ukuta. Tofali halizuii baridi sana, lakini panya hapiti palipojengwa tofali. Hapo tayari tofauti kubwa ilikuwa imejitokeza, ingawa ilichukua zaidi ya karne moja kueleweka vizuri: kinachotunza joto na kinachomzuia panya mara nyingi si kitu kimoja.

Wauzaji walipenda kuviuza viwili hivyo kwa pamoja. Nyasi bahari ni mfano mzuri. Katika Pierce House, nyumba ya mwaka 1683 huko Dorchester, Boston, nyasi hizo zilikutwa zimejazwa ukutani. Katika miaka ya 1890 Samuel Cabot wa Boston alizifanya bidhaa ya kiwandani: zilikaushwa, zikashonewa kati ya karatasi mbili ngumu na kuuzwa kama mablanketi ya ukuta. Sifa zilizonadiwa ni kwamba haziozi, haziwaki kwa urahisi na wadudu na panya hawazipendi. Msafara wa Robert Falcon Scott ulipojenga kibanda Cape Evans, Antaktika, mwaka 1911, nao ulitumia mwani ulioshonewa ndani ya kitambaa. Huko hakuna panya, kwa hiyo sifa hiyo haikupata mtihani. Mapema miaka ya 1930 ugonjwa uliangamiza sehemu kubwa ya nyasi hizo katika Atlantiki ya Kaskazini, na biashara ikafifia.

Mshindani wa nyasi bahari alikuwa sufi ya madini. Mavi ya chuma yaliyoyeyushwa yalipulizwa kwa mvuke yakawa nyuzi, na mwaka 1897 mkemia Charles Corydon Hall alianza kutengeneza sufi ya aina hiyo kutokana na mawe ya chokaa huko Alexandria, Indiana. Sufi ya mawe haina chakula, haiozi, wala haishiki moto. Ikishindiliwa hadi iwe ubao mgumu, humpa panya kazi. Ikimwagwa ikiwa laini, huifukua na kulala ndani yake.

Wakati huo huo, somo kuhusu panya lilitoka kwingine kabisa, kwenye tauni. Ugonjwa huo ulirudi San Francisco mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya tetemeko kubwa la ardhi, na daktari Rupert Blue akaongoza kampeni ya kuukomesha. Mbali na mitego na sumu, mabanda ya farasi na vyumba vya chini viliwekewa sakafu za saruji, na sakafu za mbao zilizowaficha panya zikang'olewa. Hakuna aliyewauliza panya wanapenda nini, walifungiwa njia. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote na yanaweza kuguguna mbao, risasi na alumini, lakini saruji nzuri na chuma humshinda.

Watengenezaji wa vihami hawakulishika sana somo hilo. Sufi ya kioo, iliyotoka katika maabara za Owens-Illinois mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilienea kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Inamwasha fundi ngozi, lakini panya huipasua na kutengeneza viota humo. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nyumba nyingi zilipuliziwa karatasi zilizosagwa na kuchanganywa na chumvi za boroni. Chumvi hizo hupunguza hatari ya moto na huua mende. Kuzifanya kinga ya panya ni kuzisingizia. Mapovu magumu ya plastiki ndiyo dhaifu kuliko yote: yanatunza joto vizuri sana, na panya huyachimba kwa urahisi.

Mabadiliko ya maana yalitoka kwa watafiti wa uvujaji wa hewa. Mwaka 1977 huko Regina, Kanada, ilijengwa Saskatchewan Conservation House, ambamo Harold Orr na wenzake walihangaikia kuziba kila upenyo kama walivyohangaikia unene wa kihami. Upenyo unaovujisha joto ndio huo huo anaopitia panya: panya mdogo wa nyumbani hutosheka na milimita 6, na yule mkubwa wa kahawia na milimita 12 hivi.

Tangu hapo fundi makini huanza na matundu. Penye bomba hujaza stiliwaya na kuifunika kwa saruji. Penye matundu ya hewa huweka wavu wa chuma wenye macho yasiyofika milimita 6. Kisha ndipo huchagua kihami: mbao za sufi ya mawe kwenye kuta, kioo chenye mapovu karibu na udongo, na kama ni lazima plastiki itumike, huifunika kwa bati au ubao wa saruji. Kihami cha zamani kilichojaa kinyesi hung'olewa kwanza. Baada ya virusi vya hanta kuua watu kusini-magharibi mwa Marekani mwaka 1993, kinyesi hicho hulowanishwa kwa dawa kabla ya kuguswa, wala hakifagiliwi kikiwa kikavu.