Somo la Historia: Wageni Walivyojifunza Kiganda

Leo tutaona jinsi watu waliokwenda kukaa ugenini Buganda walivyojifunza maneno ya kila siku ya Kiganda, lugha ambayo wenyewe huiita Luganda. Tena tutaona faida waliyoipata na gharama waliyolipa.

Buganda iko Uganda, kaskazini na magharibi ya Ziwa Viktoria. Mfalme wake huitwa Kabaka. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walifika huko zamani za Kabaka Suna, kabla ya mwaka 1850. Walipeleka nguo na bunduki, wakanunua pembe za ndovu na watumwa. Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyemfuata Suna, alijifunza Kiswahili. Basi wageni hao hawakulazimika sana kujifunza Kiganda, kwa kuwa mwenyeji mkubwa aliijua lugha yao. Maneno yao yalibaki huko mpaka leo. Kitabu ni ekitabo, barua ni ebbaluwa, sabuni ni ssabbuuni, saa ni essaawa.

Kisha walikuja wamisionari, Waprotestanti mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. Mwanzoni walitumia sana Kiswahili, lakini waliona kwamba watu wanataka kusoma kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda. Lugha hiyo ikapata nguvu ya maandishi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kienezwe katika shule na kazi za serikali, Waganda wengi hawakukubali. Kabaka Daudi Chwa alilipinga jambo hilo kwa maandishi mwaka 1929.

Sasa tuwatazame wageni wa tatu, ambao hawakuwa na bunduki wala vitabu. Pamba ilipoanza kulimwa Buganda, na baadaye kahawa, wenye mashamba walihitaji mikono. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu walikwenda huko kila mwaka. Wengi walitoka Ruanda na Urundi, nchi zilizotawaliwa wakati ule na Wabelgiji. Wengine walikuwa Wahaya na Wahangaza wa Tanganyika. Walitembea kwa miguu siku nyingi. Walikimbia kazi za lazima na kodi, na wa Ruanda walikimbia pia njaa kubwa ya 1928 na 1929. Walitafuta shilingi.

Watu hawa hawakuwa na darasa kama hili lenu. Mwalimu wao alikuwa jirani aliyeshika jembe kando yao. Neno la kwanza lilikuwa salamu. Asubuhi husemwa "Wasuze otya?", yaani umelalaje? Jioni husemwa "Osiibye otya?", yaani umeshindaje? Mwanamume huongezewa "ssebo", kama bwana. Mwanamke "nnyabo", kama bibi. Ukimkuta mtu analima, husemi tu hujambo. Unamwambia "Weebale okulima", asante kwa kulima, hata kama shamba si lako na hukupata kitu. Anayepita kimya huonekana hana adabu.

Baada ya salamu yalikuja maneno ya tumbo na ya mshahara. "Nsaba amazzi", naomba maji. "Ssente mmeka?", fedha ngapi? Sikilizeni vizuri: amazzi na maji ni ndugu. Vivyo hivyo ennyumba na nyumba, ennyama na nyama, okulima na kulima. Lakini kuna mitego. Okusula ni kulala usiku mahali. Vuta sauti kidogo, okusuula, nayo ni kutupa. Okusiba ni kufunga kwa kamba. Okusiiba ni kushinda mchana kutwa.

Je, maneno hayo yalikuwa na faida gani? Mgeni asiyejua lugha alibaki omupakasi, kibarua, na mambo yake alisemewa na mwingine. Aliyejua lugha aliweza kusimama mwenyewe mbele ya mwenye ardhi na kuomba kibanja, yaani sehemu ya kujenga na kulima. Sheria ya mwaka 1928 iliweka kodi ya kibanja, iitwayo busuulu, kuwa shilingi 10 kwa mwaka, tena ilizuia mpangaji asifukuzwe ovyo. Basi kwa lugha, kibarua aliweza kuwa jirani mwenye migomba yake.

Lakini gharama nayo ilikuwapo. Wageni wengi walichukua majina ya Kiganda ili wasidharauliwe. Watoto wao wengi walikua wakisema Kiganda tu, wasiweze kuzungumza na babu na bibi waliobaki nyumbani. Mgeni alikwenda okusula, kulala kwa watu. Hakukusudia okusuula, kutupa lugha ya mama yake. Kujifunza lugha ya jirani ni jambo jema, lakini mtoto apewe zote mbili.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini wafanyabiashara wa pwani hawakulazimika sana kujifunza Kiganda, na vibarua walilazimika?
2. Andika salamu ya asubuhi na ya jioni kwa Kiganda.
3. Katika mtaa wenu, mgeni hujifunza neno gani kwanza? Nani humfundisha?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.