Cheti cha Daktari na Mgonjwa Anayeambukiza: Likizo ya Ugonjwa katika Vyuo Vikuu vya Marekani, 1993–2020

Likizo ya ugonjwa, yaani haki ya mwajiriwa kukaa nje ya kazi kwa sababu ya maradhi bila kupoteza nafasi yake, ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyelemewa na ugonjwa, na haikumfikiria sana yule ambaye bado ana nguvu za kusimama darasani au kufagia bweni lakini tayari anaweza kuwaambukiza wenzake. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi virusi vinapoingia katika chuo kikuu, mahali ambapo maelfu ya watu hula, hulala na kusoma pamoja, na ambapo profesa, mkutubi na mpishi hupishana katika ukumbi uleule ingawa mikataba yao haifanani hata kidogo.

Nchini Marekani ugumu huo uliongezwa na jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaliona geni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi awasilishe cheti cha daktari. Marekani, kwa upande wake, haikuwa na sheria ya shirikisho iliyowalazimu waajiri binafsi kwa jumla kumlipa mgonjwa. Sheria ya likizo ya familia na matibabu, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Februari 1993, ilitoa wiki 12 zisizo na malipo kwa mtu aliyefanya kazi angalau saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na kwa upande wa ugonjwa ilihusu hali ya afya iliyo nzito tu, kiasi kwamba kanuni zake zilisema wazi kuwa mafua ya kawaida, yasipoleta matatizo mengine, hayahesabiwi. Hivyo ugonjwa unaoenea upesi katika mabweni uliachwa nje ya sheria, na kila chuo kikajipangia. Aliyekuwa na ajira ya kudumu mara nyingi aliendelea kupata mshahara wake, ilhali mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa kila kozi, na mhudumu wa bwalo, anayelipwa kwa saa, waliweza kupoteza ujira kwa kila siku waliyobaki nyumbani. Miji na majimbo machache yalianza kuziba pengo hilo, San Francisco kwa kura ya wananchi mwaka 2006 na Connecticut, jimbo la kwanza, mwaka 2011.

Katikati ya hatua hizo mbili yalizuka mafua ya H1N1, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni 2009. Agosti mwaka huo taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa mwongozo kwa vyuo: mwenye dalili abaki nyumbani hadi zipite saa 24 tangu homa imwache bila msaada wa dawa za kuishusha, na chuo kisimdai cheti cha daktari. Ushauri huu wa pili ulikuwa na uzito kuliko ulivyoonekana, kwa sababu cheti, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kinga ya mwajiri dhidi ya utoro, sasa kilimtoa mgonjwa kitandani na kumpeleka kwenye foleni ya zahanati iliyojaa. Hata hivyo ulibaki ushauri, na ushauri haulipi kodi ya nyumba.

Malipo yalikuja kwa UVIKO-19. Sheria iliyosainiwa tarehe 18 Machi 2020 na kuanza kutumika Aprili Mosi iliwapa waajiriwa wa muda wote saa 80 za likizo yenye malipo, kwa kiwango cha juu cha dola 511 kwa siku, na ilimtambua hata aliyewekwa karantini, yaani aliyetengwa kwa tahadhari kabla ugonjwa haujathibitika. Lakini kati ya waajiri binafsi iliwabana wenye wafanyakazi chini ya 500 tu, hivyo vyuo vikuu vikubwa vya binafsi vikaepuka wajibu ambao vile vya umma vilibebeshwa. Tena Wizara ya Kazi ilimfafanua mtoa huduma za afya, ambaye mwajiri aliruhusiwa kumnyima likizo hiyo, kwa upana wa kushangaza: wizara yenyewe ilikiri mahakamani kwamba profesa wa Kiingereza, mkutubi au meneja wa mgahawa katika chuo chenye shule ya udaktari aliingia katika kundi hilo. Jimbo la New York lilishtaki, na tarehe 3 Agosti 2020 mahakama ya shirikisho ikaufuta ufafanuzi huo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, ila ulikuja baada ya miezi minne kati ya tisa ya uhai wa sheria kupita.

Wajibu wenyewe ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, chanjo zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kutolewa. Muhula mpya ulipofunguliwa Januari, katika wimbi kubwa la maambukizi, wafagizi na wahadhiri wa muda katika majimbo yasiyo na sheria yake walirudi kutegemea hiari ya chuo.