Akiolojia Pwani: Mafunzo ya mikono na wajibu wa mwananchi wa Chaani

MTAA wa Chaani katika eneobunge la Changamwe, Mombasa, hujulikana zaidi kwa malori, makasha ya mizigo na wafanyakazi wa bandari kuliko kwa mambo ya kale. Hata hivyo, ng'ambo ya maji ya Port Reitz, huko Mtongwe upande wa Likoni, watafiti kutoka Japani walichimba katika miaka ya 1980 na kupata zana za mawe zilizotengenezwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kwa miji ya Waswahili.

Kwa hivyo, anayechimba msingi wa nyumba au mtaro katika ukanda huu huenda akafukua ushahidi wa namna hiyo bila kujua.

Akiolojia ni taaluma inayochunguza maisha ya binadamu wa kale kupitia mabaki aliyoyaacha. Thamani ya kifaa hutegemea sana mahali kilipolala, kina chake na vitu vilivyokuwa kando yake. Kigae cha kauri ya Uchina kikiwa katika tabaka lake humsaidia mtaalamu kukadiria umri wa ukuta ulio jirani. Kikishaokotwa na kutiwa mfukoni, hubaki pambo tu.

Mafunzo

Ndiyo sababu taaluma hii haitoshi kusomwa darasani. Mwanafunzi hugawa eneo katika miraba kwa kamba, hukwangua udongo tabaka baada ya tabaka kwa mwiko mdogo, huuchekecha, huosha vigae na kuandika kila kilichoonekana. Kosa la kuandika haliwezi kurekebishwa, kwani tabaka likishaondolewa halirudi.

Nchini Kenya, shule ya nyanjani ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, imefunza wanafunzi wengi wa humu nchini na wa kigeni kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hufundisha somo hili.

Pwani ina historia yake. James Kirkman alianza uchimbaji Gedi mwaka 1948, kisha akafanya kazi katika Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593. Ngome hiyo ilikuwa jela hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makavazi 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi walichunguza chini ya maji, mbele ya ngome hiyo, mabaki ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanna iliyozama mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na majeshi ya Oman.

Mwaka 2021, wataalamu wa Kenya na wenzao wa nje walitangaza kaburi la mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na mitatu katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto.

Umma na sheria

Kwa asiye mtaalamu, mlango wa kwanza ni makavazi. Aprili 18 ni Siku ya Kimataifa ya Minara na Maeneo ya Kale, na Mei 18 ni Siku ya Kimataifa ya Makavazi. Hizi ni nyakati mwafaka kwa shule na vikundi vya vijana kupanga ziara.

Kupenda mambo ya kale, hata hivyo, si ruhusa ya kuchimba. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahitaji leseni kwa uchimbaji wa aina hii. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa kuarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyopatikana.

Mjenzi anaweza kushawishika kunyamaza kwa kuhofia kazi kusimama. Lakini viwanda, barabara na nyumba zinapozidi kuenea Changamwe na Likoni, tingatinga humaliza kwa saa moja kilichohifadhiwa na ardhi kwa karne nyingi.

Akutanapo na vigae vingi, mifupa au ukuta uliozikwa, mwananchi asimamishe jembe, asivisogeze, avipige picha, kisha apeleke habari Fort Jesus.