Kaya za Wamijikenda: Misitu Iliyotunzwa kwa Miko

Kabla ya kuitwa misitu mitakatifu, kaya zilikuwa miji. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema wahenga wao walihama Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia mapigano na Waoromo, wakashuka hadi kwenye vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kenya. Kuanzia karne ya 16 walijenga makazi yao ndani ya msitu mnene, na miti ndiyo iliyokuwa ukuta wao. Mgeni aliingia kwa njia nyembamba yenye malango. Ndani ya kaya palizikwa fingo, kinga ya jamii nzima. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, kila watu walikuwa na kaya zao.

Kwa hiyo kuutunza msitu kulikuwa kujitunza. Kambi, yaani baraza la wazee, iliweka miko: usikate mti, usichunge mifugo, usiache njia, usitoke na kitu, hata kijiti. Aliyevunja mwiko alitoa mnyama achinjwe ili mahali patakaswe. Wazee walizikwa humo humo, na humo ndimo watu walimoombea mvua, mavuno na amani.

Baadaye watu walitawanyika kutafuta mashamba, lakini kaya hazikupoteza mamlaka yake. Waingereza walipowataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akiwahimiza watu wakatae. Mwaka 1913 walikusanyika Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa na kupelekwa mbali, magharibi mwa nchi. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wakoloni walikuwa wametambua kwamba nguvu ya Wagiriama ilikaa mle msituni.

Kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi tena ndani ya kaya, ila miko iliendelea kushikwa. Kuzunguka misitu hiyo, ardhi ililimwa, ikachimbwa mawe na madini, na huko Diani ikajengwa hoteli. Wataalamu wa mimea walipoanza kuzichunguza kaya katika miaka ya 1980, walikuta mabaki ya msitu wa kale wa pwani yenye mimea adimu ambayo kwingine ilikwisha kutoweka. Msitu mmoja una hekta kumi tu, mwingine mamia. Bila mwiko wa wazee, mingi ingekwisha kuwa shamba au makaa.

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata mila zenyewe zikaandikwa miongoni mwa zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Katiba ya 2010 nayo inahesabu mahali pa matambiko na misitu ya jamii kuwa ardhi ya jamii. Kaya Kinondo, huko Kwale, wenyeji huwapokea wageni kwa masharti yao: mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na haondoki na chochote. Ada anayolipa huisaidia jamii, na mbega bado wanaruka kwenye matawi.

Hata hivyo tangazo la serikali halikeshi msituni. Anayemwona mwenye shoka alfajiri ni jirani, na anayeweza kumwita mbele ya baraza ni mzee ambaye neno lake bado lina uzito. Wazee hao ndio walio hatarini leo. Katika Kaunti ya Kilifi wapo waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kukiwa na mgogoro wa ardhi nyuma yake. Kila mzee anayeuawa hivyo huzikwa na majina ya miti, mipaka ya kaya na maneno ya tambiko ambayo hayakuandikwa popote. Anayetaka kuhifadhi viumbe vya pwani hii na aanze kwa kulinda maisha ya wazee hawa, kuwapa walinzi wa kaya posho, na kuwapeleka vijana wakajifunze kwao wangali hai.